Nilikwenda Shughulini na Jembe

Vijana wangu wa ofisi ya walimu, mmenikaba mpaka nimekubali. Siku ya kuniaga, badala ya kunitakia mapumziko mema mkaniacha nikalale, mlinizunguka na visahani vyenu vya karanga mkaniambia, "Mwalimu Jembe, utuandikie. Ulikuwa unawaingizaje watoto vyuoni?" Haya, naandika. Mwandiko mtauona umepindapinda. Msiseme ni uzee, maana nitawaambia sababu yake kabla sijaweka kalamu chini. Vyeo na mishahara naviruka. Vyeo vyangu vilikuwa vifupi, na mshahara hata mimi mwenyewe sikuwahi kukaa nao muda wa kufahamiana.

Nianze na jina, kwa sababu najua wageni wanadhani nilibatizwa nalo. Padri alinibatiza Skolastika. Kwetu ni Mbinga, kwenye milima na kahawa, na nilipopangiwa kufundisha Kisarawe, uhuru ukiwa bado mbichi, baba alinipa zawadi moja tu: jembe jipya. Alikuwa ametoboatoboa herufi S kwenye bati lake kwa msumari. Akaniambia, "Mwanangu, huko Pwani sikujui. Lakini ukiwa na jembe hutakula chaki." Basi nikashuka Kisarawe na sanduku la bati kichwani na jembe mkononi, na watoto wa pale stendi wakanifuata nyuma hadi shuleni wakidhani nimekuja kulima korosho za mtu.

Aliyenipokea ni Mwalimu Kibwana, Mzaramo wa palepale, mtu mfupi mwenye kofia ya viua na sauti ya upole ambayo ilikuchoma ukishafika nyumbani. Alikuwa amefundisha miaka mingi kuliko sote. Ijumaa ya wiki yangu ya kwanza akapita mlangoni kwangu akasema, "Bibie, kesho kuna shughuli Marui, kwa Bi. Tatu. Walimu wote tumealikwa. Usikose."

Sasa nielewesheni mtu wa Mbinga. Kwetu ukiambiwa mtu ana shughuli, humsogelei, yuko kazini. Nikafurahi! Nikasema moyoni, jamani, watu wa Pwani wanasemwa bure, hata wiki sijamaliza wameshaniita kazini. Jumamosi nikavaa gauni langu la shambani, nikafunga kitambaa kichwani, nikavuta mabuti ya mpira mpaka magotini, nikaweka jembe begani, nikadandia lori la asubuhi. Utingo aliniangalia, akafungua mdomo, akaufunga. Leo najua alikuwa ananihurumia.

Nilifika Marui nikakuta turubai, udi unafuka, wanawake wamekaa mkekani na khanga mpya zinazometameta, hina mpaka kwenye viwiko, na ngoma imepamba moto. Nikaingia katikati yao na mabuti yangu. Ngoma ikakatika. Nawaambia ikakatika, kama mtu kaikata kwa kisu! Mama mmoja mnene akatoka jikoni, mwiko mkononi, mtoto mchanga mgongoni. Huyo ndiye Bi. Tatu, mpishi wa shughuli zote za upande ule. Akaniangalia mabuti, akapandisha macho mpaka kwenye jembe, akasema taratibu, "Mwanangu, hapa kuna arusi. Hatuna maiti."

Loo! Kicheko kilichotoka pale nadhani kilifika Dar es Salaam. Kulikuwa na bibi mmoja alilala chini kabisa, akawa anapiga mkeka kwa kiganja. Na mimi nimesimama, sijui nilie au nikimbie. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba Pwani shughuli ni sherehe au kisomo: arusi ni shughuli, maulidi ni shughuli, kumtoa mwali ni shughuli, hitima ni shughuli. Kulima ni kulima tu.

Bi. Tatu hakuniacha niaibike peke yangu. Alinipokonya jembe akaliegemeza nyuma ya mlango wake, akanifunga khanga juu ya gauni la shambani, akanivuta jikoni. "Kwa kuwa umekuja kufanya kazi, kazi ipo. Kalia mbuzi hapo, ukune." Mbuzi! Nikageuka huku na huku namtafuta mnyama, nikijiuliza watu hawa wana mila gani tena. Kumbe mbuzi wao ni kile kigoda chenye kijino cha chuma cha kukunia nazi. Wakacheka upya. Nikakuna nazi mpaka vidole vikachubuka, nikala wali ambao sijaula tena maishani, nikarudishwa na lori jioni huku watu wanaimba. Jembe nikalisahau nyuma ya mlango. Kulifuata niliona haya, siku zikapita, na haya ikawa mazoea. Jumatatu nilipoingia darasani nikakuta jina limeandikwa ubaoni kwa herufi kubwa: MWALIMU JEMBE. Mpaka leo.

Mwalimu mkuu alikuwa hajapata mtu wa kusimamia shughuli nje ya darasa. Aliposikia habari za Marui alinicheka wiki nzima, kisha akasema, "Kazi hii ni yako. Hakuna mwalimu anayeijua shughuli kuliko wewe." Ndivyo nilivyopata kazi iliyonilia ujana wangu wote, na wala silalamiki. Nilipewa filimbi, mpira wa ngozi uliokuwa na viraka vingi kuliko ngozi, na ngoma mbili zilizokaa stoo na panya. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkorosho.

Mwalimu Kibwana ndiye aliyenifunza. Aliniambia filimbi niipulize mara moja tu, kwa sababu nikipuliza mara mbili watoto watajua ile ya kwanza haikuwa na maana. Aliniambia ngoma huanikwa juani kabla ya mazoezi, si baada ya kugundua inatoa sauti ya debe mbele ya wageni. Aliniambia mtoto mvivu mpe ufunguo wa stoo, ataamka kabla yako. Yote haya niliyajaribu na yote yalikuwa kweli, isipokuwa la ufunguo. Mvivu mmoja aliamka kweli kabla yangu, akafungua stoo, akalala humo.

Miaka ya kwanza hakuna aliyezijali klabu zetu. Watoto walikuja kucheza kwa sababu mchezo ni mtamu, basi. Mambo yakageuka miaka ya sabini. Siasa ya kujitegemea ilikuwa imeingia kila mahali, na vyuo vikaanza kuuliza zaidi ya alama: kijana huyu ana tabia gani, anafanya kazi gani na wenzake, ana moyo gani? Kwenye fomu za kuombea chuo pakawa na sehemu ya kujaza shughuli za mwombaji nje ya darasa. Weee! Siku habari hiyo ilipofika shuleni, mlango wangu uligongwa mpaka bawaba ikalegea.

Watu ambao hawajawahi kugusa mpira wakawa makapteni. Kijana mmoja wa kidato cha nne alijiunga na klabu saba kwa siku moja, mbili kati ya hizo zikikutana saa ileile. Mwingine aliandika kwamba yeye ni bingwa wa kuogelea. Nikamwuliza, "Wapi, baba? Kwenye pipa?" Tulikuwa na mwenyekiti wa klabu ya kuku, lakini kuku wenyewe hawakuonekana, na siku nilipofuatilia niligundua klabu ilikuwa hai sana, inakutana kila Ijumaa, na kila ikikutana kuku anapungua. Na walimu nao, msijidanganye, hawakuwa nyuma. Kila mtoto aliandikiwa "mchapakazi, ana moyo wa kujitolea", maneno yaleyale kwenye kila fomu, mpaka nadhani huko vyuoni waliyasoma huku wanapiga miayo.

Nikaenda kulia kwa Mwalimu Kibwana. Wakati huo alikuwa amestaafu, anafuga njiwa nyuma ya nyumba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akawarushia njiwa mtama, akasema, "Mwalimu Jembe, unawauliza swali baya. Wewe unamwuliza mtoto, uko klabu gani? Atakutajia hata klabu ya malaika. Mwulize hivi: usipokuwepo, nini kinasimama?"

Vijana wangu, hilo ndilo swali. Mkitupa yote mengine, hilo msilitupe. Nililirudisha shuleni nikalitumia kama ungo. Yule wa klabu saba nilimwuliza, usipokuwepo nini kinasimama? Akafikiri sana, akasema, "Hakuna, mwalimu." Nikamwambia achague moja na arudi baada ya muhula. Akachagua bustani ya mboga. Baada ya muhula akaja mwenyewe, kucha zimejaa udongo, akasema, "Mwalimu, juzi niliumwa, michicha ikakauka." Alisema kwa kujivuna kabisa! Hiyo ndiyo ikaandikwa kwenye fomu yake, kwa maneno hayohayo, na chuo cha kilimo kilimchukua.

Sasa nifike kwa Hawa, maana bila yeye nisingekuwa na kisa cha kuwaandikia.

Mwanahawa Ramadhani alikuwa binti wa Bi. Tatu, yule mtoto aliyekuwa mgongoni siku ya mabuti yangu. Alipofika kidato cha nne alikuwa msichana mrefu, mkimya darasani, alama zake za katikati, si za kujivunia wala za kuficha. Alitaka chuo cha ualimu, na alikuwa na sababu. Shule ya kwao Marui ilikuwa na mwalimu mmoja kwa madarasa yote, anafundisha huku akikimbia kutoka chumba hiki kwenda kile. Shida ni kwamba Hawa hakuwa kwenye klabu yoyote. Kila Jumamosi aliomba ruhusa akaenda kwao. Nilipomwuliza anakwenda kufanya nini alisema, "Kumsaidia mama," na mimi nikadhani ni kuteka maji na kupalilia muhogo.

Wiki ya kujaza fomu mimi sikuwepo, nilikuwa nimeipeleka timu ya netiboli mashindanoni. Tulifungwa, tusiliongelee hilo. Niliporudi fomu zilikuwa zimeshagongwa muhuri na kupelekwa. Halafu siku moja mwalimu mkuu ananiita, uso umemwiva. Amepigiwa simu kutoka kwenye ofisi moja ya Kibaha ambako kamati ya kuchagua waombaji ilikuwa inakaa. Mwenyekiti wa kamati amefoka mpaka waya umetoa moshi: mnatuletea mwanafunzi gani huyu? Taifa liko kwenye kujenga, yeye kajaza arusi, maulidi, hitima na kumtoa mwali! Aje kwenye usaili, na huyo mwalimu wake wa shughuli aje naye, ajieleze.

Nikamwita Hawa. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Hawa, mwanangu, uliandika nini kwenye fomu?" Akanijibu bila wasiwasi hata kidogo: "Waliuliza shughuli zangu nje ya darasa, mwalimu. Nikawaandikia shughuli zangu."

Jamani! Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, vyote vikanijia kwa pamoja. Mtoto wa Kizaramo kaulizwa shughuli, kajibu shughuli! Kumbe Jumamosi zote zile alikuwa anapika na mama yake kwenye sherehe za watu. Bi. Tatu miguu ilikuwa imeanza kuvimba, na sasa Hawa ndiye aliyesimama jikoni, mama akiwa kwenye kigoda anaonja tu. Nilipomweleza jinsi Kibaha walivyosoma fomu yake, uso ulimshuka. Akasema, "Mwalimu, nikikosa hapa narudi kwenye mafiga ya mama. Mafiga siyachukii. Lakini nataka niyaache kwa kupenda, nisibaki nayo kwa kukosa." Na alikuwa anasema kweli, kwa sababu siku zile nafasi ya chuo haikuwa ya kujaribu tena mwaka ujao. Ukiachwa, umeachwa. Usiku huo sikupata usingizi vizuri, nawaambia kweli.

Tulikwenda Kibaha kwa lori la korosho mpaka Dar, tukaunga na basi la barabara ya Morogoro. Pale ofisini barazani palikuwa pamejaa waombaji kutoka kila upande, Mlandizi, Kwala, Bagamoyo. Mama yangu, beji! Kulikuwa na kiranja mkuu mwenye beji mpaka karibu na kitovu. Kulikuwa na kapteni wa mpira aliyekuja na mpira. Kulikuwa na mwenyekiti wa klabu ya mijadala, kijana wa miwani, ambaye hata akiomba kupita alianza na "Hoja yangu ni kwamba". Hawa alikaa mwishoni mwa benchi, mikono mapajani, hana beji wala nini. Niliwatazama wale wote, nikamtazama yeye, moyo ukanishuka mpaka kwenye viatu.

Kamati ikachelewa. Jua likapanda, watu wakaanza kulegea kwenye mabenchi. Tuliambiwa tutapikiwa, lakini tarishi akaja kunong'ona kwamba mpishi kapata msiba ameondoka alfajiri. Unga upo, maharage yamelowekwa toka jana, nazi na mchicha vipo, ila mtu hakuna. Kiranja mkuu akasema ni aibu. Kapteni akakubali ni aibu. Yule wa mijadala akatoa hoja kwamba iundwe kamati ndogo.

Hawa akanigeukia. "Mwalimu, hawa watu wana njaa."

"Nawaona, mwanangu. Kaa, utaitwa sasa hivi."

Thubutu! Nilipogeuka nimpe maji, benchi tupu. Namwona kwa tarishi anaomba ufunguo wa jiko, kisha anatoka na khanga imefungwa kiunoni, na ile sauti ambayo darasani sikuwahi kuisikia. "Ndugu zangu, samahanini! Wewe kapteni, weka mpira chini, kalete kuni. Ninyi wawili, maji, bomba liko nyuma. Dada, wewe chambua mchicha. Nani anajua kukuna nazi?"

"Hoja yangu ni kwamba," akaanza yule wa miwani, "kazi ya kukuna nazi kwa desturi—"

"Hoja utaitoa huku unakuna. Kalia mbuzi hapo."

Akakaa! Wenye beji wote wakawa wanakimbia. Nilisimama pembeni ya mlango wa jiko, mkono mdomoni, kwa sababu sauti ile niliijua. Ilikuwa sauti ya Bi. Tatu siku aliyonipokonya jembe. Hakumfokea mtu. Aliyechoka alimpa kazi ya kukaa, aliyekuwa na maringo akampa kazi ya kuonekana, na kiranja mkuu akapewa kulinda sukari.

Ndipo tarishi akatoka: "Mwanahawa Ramadhani!"

Nikaruka. "Hawa! Unaitwa!" Alikuwa anasonga ugali kwenye sufuria kubwa la kutosha kuogeshea mtoto, mwiko kaushika kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. "Mwalimu, umeanza kushika. Siwezi kuuacha."

"Mwanahawa Ramadhani, mara ya pili!"

Kila mmoja pale alijua ya tatu ni ya kukatwa jina. "Nipe mwiko!" nikamwambia. Akanitazama, na hata katika shida ile akacheka. "Mwalimu, utauunguza." Na alisema haki. Nikatoka mbio kumzuia tarishi, nikagongana mlangoni na mtu mrefu wa suti ya Kaunda, miwani imeshuka puani. Mwenyekiti mwenyewe! Amefuata harufu na hasira kwa pamoja.

"Ndiye huyu wa maarusi?"

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti. Ndiye mimi," Hawa akajibu, mkono hausimami.

"Umeitwa mara mbili!"

"Nimesikia, Ndugu Mwenyekiti. Ningekuja, watu wote hawa wangekunywa uji."

Mwenyekiti akashusha pumzi puani. Akaanza kusoma kile alichokikariri kutoka kwenye fomu, arusi, hitima, maulidi, na kwamba chuo cha ualimu si uwanja wa ngoma. Hapo nikajitia wazimu nikaingia kati. "Ndugu Mwenyekiti, samahani, kwenu ni wapi?"

"Bukoba. Kunahusu nini?"

"Mimi Mbinga. Siku ya kwanza niliyoambiwa kuna shughuli huku, nilikwenda na jembe." Nikamsimulia yote, mabuti, ngoma kukatika, hatuna maiti, mbuzi. Wale watoto wakaacha kufanya kazi wakawa wanashikana mabega kwa kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akatazama dari muda mrefu sana. Halafu akasema kwa sauti ndogo kabisa:

"Mimi nilikwenda na faili."

"Nini?"

"Nilipohamia hapa. Waliniambia Jumapili kuna shughuli kwa jirani. Nilikwenda na faili na karani wa kuandika muhtasari." Mdomo ukaanza kumchezacheza. "Karani alifika ajenda ya pili ndipo bibi arusi akaingia." Hapo akashindwa. Alicheka huyo mtu mpaka akashika mlango, machozi yanamtoka, nasi tukamfuata, jiko zima, na Hawa anacheka huku anasonga.

Alipopata pumzi, akamgeukia Hawa kwa adabu nyingine kabisa. "Binti, kwenye shughuli hizo wewe hasa unafanya nini?"

Nikakumbuka njiwa wa Mwalimu Kibwana. "Mwulize, Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "asipokuwepo, nini kinasimama?"

Kabla Hawa hajafungua mdomo, yule kijana wa miwani akajibu kutoka juu ya mbuzi, nazi imemjaa mpaka kwenye nywele: "Chakula, Ndugu Mwenyekiti! Hata sasa amesimama kuzungumza na wewe, moto unazimika!"

"Ala! Samahani," Hawa akasema, akainama kuusukuma ukuni ndani.

Mwenyekiti hakuuliza swali jingine. Alichukua sahani, akapanga mstari nyuma ya kapteni kama wengine, na aliporudi mara ya pili kuongezwa maharage nilianza kupumua. Ila majibu yenyewe yalikawia, na siku zile za kungoja nilivunja chaki nyingi kuliko nilizoandikia. Orodha ilipobandikwa, Hawa hakuisoma. Aliniomba nimsomee, akafumba macho. Niliposoma jina lake nililia mimi kwanza. Yeye alipiga kigelegele kimoja, palepale mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, mpaka njiwa wa Mwalimu Kibwana ng'ambo ya barabara wakaruka.

Alisoma, akamaliza, akaomba mwenyewe apelekwe Marui. Wakashangaa, kwa sababu Marui hakuna aliyekuwa anaiomba. Yuko huko mpaka leo.

Sasa lile la mwandiko. Wiki iliyopita, nikiwa nimestaafu na kukaa kibarazani sina hata filimbi ya kupuliza, dereva wa lori akanipigia honi. "Mwalimu Hawa anakusalimu. Anasema Jumamosi kuna shughuli Marui. Usikose." Nikasema safari hii hamnipati! Nimekaa Pwani miaka yote hii, naijua shughuli. Nikapaka hina. Nikavaa gauni la kitenge jipya, hereni, viatu vya kisigino, nikajifukiza udi mpaka paka akapiga chafya. Nikafunga doti ya khanga ya kutuza. Utingo akaniangalia, akafungua mdomo, akaufunga. Hata hapo sikushtuka.

Nafika Marui, nashuka na kisigino changu, nakuta kijiji kizima kiko shimoni, wanaume kwa wanawake na watoto wa shule, udongo mpaka kwenye nyusi. Wanachimba msingi wa madarasa mapya. Majembe yakasimama yote kwa pamoja. Bi. Tatu, mzee sasa, miguu kainyoosha kwenye mkeka, akaniangalia kisigino, akapandisha macho mpaka kwenye hereni, akasema taratibu, "Mwanangu, leo tunachimba. Hatuna bwana arusi."

Sitaandika walivyocheka, karatasi haitoshi. Hawa alikuwa amekaa kwenye udongo ameshika mbavu. Alipoweza kusimama akaingia ndani kwa mama yake, nikasikia mlango unasogezwa, akatoka na jembe. Mpini mpya. Bati limelika ukingoni kwa kutu, lakini katikati, pale baba alipotoboa kwa msumari, herufi S ilikuwa inaonekana.

"Mama alikataa lisiguswe, mpini tu ndio tumeubadili," Hawa akasema. "Alisema mwenyewe atalifuata siku akielewa kwamba shughuli ni kazi."

Nilivua viatu nikashuka shimoni na hina yangu. Tulichimba mpaka adhuhuri, kisha Hawa akapiga kelele ile, wewe kuni, ninyi maji, na watoto wake wa shule wakakimbia kila mmoja upande wake bila kuuliza. Wako walimu watatu pale sasa. Wawili kati yao aliwafundisha yeye.

Ndiyo sababu ya mwandiko huu: viganja vyangu vimejaa malengelenge na kalamu inaniteleza. Jumamosi hii nakwenda tena. Dereva amesema kuna shughuli, na safari hii sikumwuliza ni ipi. Nimeweka mabuti na khanga mpya kwenye kikapu kimoja.